Siku Nitakayotembea Bila Mkongojo

Dada yangu ni mpiga pasi. Usimwite dobi, atakununia mpaka ujute. Kufua hafui. Wapo wanaofua huko mbele kwenye mashine, na yeye yuko chumba cha nyuma, mbele ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na pasi ya mvuke inayoning'inia kwa mpira kutoka darini. Chumba kile kina joto la kumtoa mtu jasho kwenye kope. Feni ipo, lakini kazi yake ni kuuzungusha ule mvuke tu, usije ukapoteza njia.

Ukimwona anavyoshika shati utadhani ni mtoto mchanga. Anaanza na kola, kutoka pembeni kuja katikati, ili mkunjo usisukumwe mpaka ncha. Kisha mabega, kisha mikono, na kifua mwisho. Hasemi sana. Mimi ndiye mwenye mdomo katika familia yetu. Mimi ni msusi, na msusi asiyeongea wateja wanamkimbia. Nikikasirika mimi, mtaa wa pili wanafunga madirisha. Dada akikasirika, anapiga pasi.

Kila Jumamosi alikuwa na pasi nyingine, ya nyumbani, ambayo hakumlipisha mtu. Alikuwa ananyoosha kitambaa cha meza ya Bwana. Kitambaa cheupe, kirefu, chenye pindo la nakshi ambalo ukikosea joto linajikunja kama karatasi iliyolowa. Ananawa mikono mpaka viwiko, anafukuza kila mtu mezani, ananyoosha. Jumapili anakwenda kabla ya watu, anakitandika, anavuta pembe hii na ile mpaka zilingane. Halafu anarudi kukaa kwenye benchi lake. Mkate na kikombe vikianza kugawiwa juu ya kitambaa kile kile, watu wanainuka safu kwa safu, na dada yangu anakunja miguu pembeni ili wapite.

Nieleze, maana si kila mtu anazijua sheria za kanisa letu. Dada na shemeji walikuwa wameishi pamoja tangu ujana wao. Wana binti ambaye sasa ni mtu mzima. Mahari ilipelekwa, wazee walikubali, majirani walikula wakashiba. Lakini kanisani hawakuwahi kufunga ndoa, na kwetu aliyeishi hivyo haisogelei meza. Hakuna aliyemtukana dada kwa hilo. Walimheshimu sana, wakampita kwa adabu. Mimi naona afadhali matusi.

Kila alipomgusia shemeji habari ya ndoa, jibu lilikuwa "mwakani". Alilisema vizuri, huku akicheka, huku akimshika bega. Shemeji alikuwa fundi rangi, wenzake wakimwita Brashi, na tabasamu lake nalo lilipakwa kama rangi: mkono wa kwanza, mkono wa pili, hakuna ufa unaoonekana. Nilimpenda, nasema ukweli. Akiingia kwangu nasahau hasira zangu zote. Alikuwa na mluzi mmoja ambao ukiusikia kona ya mtaa unaweka sufuria ya chai jikoni bila kuambiwa.

Kisha akaanguka. Alikuwa anapaka ukuta wa ghorofa, ngazi ikateleza, akashukia nyonga. Mfupa ulivunjika vibaya, kidonda kikaoza, homa ikapanda. Wodini walimlaza kitanda cha karibu na mlango, na wote tunajua wagonjwa wa kitanda kile wanawekwa karibu na mlango kwa ajili ya nini. Daktari alituita pembeni akasema akipona ni bahati, na akipona asitegemee sana ule mguu.

Jioni ile mchungaji alikuja. Tulikuwa wanne penye kitanda chake: mchungaji, dada, mimi, na mgonjwa mwenyewe ambaye midomo ilikuwa imepasuka kwa homa. Akaomba ainuliwe mto. Akamshika mchungaji mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, akasema, "Mchungaji, nishuhudie. Namwekea Mungu nadhiri. Akiniinua hapa, siku nitakayotembea bila mkongojo, ndiyo siku nitakayomchukua huyu mama nimpeleke madhabahuni."

Tulisema amina wote. Mimi nililia mpaka nikatoka nje. Dada hakulia. Alipiga magoti palepale sakafuni, kwenye ile harufu ya dawa, akaweka nadhiri yake. Alisema mume wake akipona, yeye atakitunza kitambaa cha meza ya Bwana mpaka mikono yake ikatae. Hakusema lini ataruhusiwa kuisogelea meza yenyewe. Alisema tu atakitunza.

Mungu alisikia. Homa ilishuka, kidonda kikafunga, shemeji akarudi nyumbani kwenye kiti cha magurudumu. Kutoka hapo akaenda kwenye magongo mawili, na kutoka magongo mawili akabaki na mkongojo mmoja wa mti mweusi ambao fundi seremala rafiki yake alimchongea. Kanisa zima lilipiga makofi siku alipoingia nao. Dada alicheka siku hiyo kama msichana. Alibakiza mkongojo mmoja tu kati yake na kile alichokingoja.

Sasa sikiliza alivyomtunza. Asubuhi alimpelekea maji ya kuoga, akamshika asiteleze. Alimvisha soksi na viatu kwa sababu eti nyonga haikunjiki. Kisha akaenda kazini kusimama kutwa nzima. Jioni alirudi, akapiga magoti, akavua vile viatu. Kazini aliomba zamu za ziada, maana shemeji alisema kwa sasa anaweza kukaa tu kwenye kigoda na kuwachanganyia wenzake rangi. Miguu ya dada ilivimba mpaka viatu vyake mwenyewe havikuingia. Sikuwahi kumsikia akinung'unika.

Miezi ilipita, mwaka ukaisha, mwingine ukaingia, na mkongojo uko palepale. Nikamwambia dada, "Huyu mtu mbona amenenepa, rangi imerudi, anapiga mluzi, ila mguu tu ndio haujapata habari kwamba amepona?"

"Wewe una ulimi mbaya," akanijibu. "Mungu hana haraka. Amemtoa mlangoni pa kaburi, atashindwa na mguu?"

"Mungu sina wasiwasi naye," nikasema. Akanitazama vibaya, nikanyamaza. Nilinyamaza mdomo tu.

Siku moja mteja mmoja aliniita nikamsuke nyumbani kwake, upande wa mji ambako sina kawaida ya kufika. Nyumba kubwa, geti jeusi, ukuta mpya. Nilipokaribia nikasikia mluzi. Mkono wangu ulisimama kwenye kengele ya geti. Mluzi ule nimeupikia chai miaka yote.

Nikaingia. Mkongojo mweusi ulikuwa umeegemezwa ukutani, umetundikwa koti. Na mwenye mkongojo alikuwa juu, kwenye ngazi, mguu mmoja kwenye kipandio, mwingine umening'inia hewani, anapaka chini ya paa huku kiuno kikicheza. Akamaliza kipande, akashuka mbiombio kuchovya brashi, akapanda tena. Alipanda kama paka. Nilisimama nikamtazama mpaka akageuka mwenyewe.

Mluzi ukakatika.

"Shemeji," akasema.

"Shuka," nikamwambia. "Taratibu, usije ukavunjika tena. Dada yangu magoti yamekwisha."

Alishuka. Na hapa ndipo nilipotaka kumpiga kwa kopo la rangi: alipofika chini, akauchukua mkongojo. Mbele yangu mimi, ambaye nimemwona juu! Akauegemea, akaanza kuchechemea.

"Wacha," nikasema. "Kwa jina la Mungu, wacha."

"Shemeji, nisikilize. Unajua mambo ya ndoa si ya kukurupuka. Nilikuwa nataka nijipange. Na mimi sijavunja kitu. Nilisema siku nitakayotembea bila mkongojo. Muulize hata mchungaji. Umewahi kuniona njiani bila mkongojo?"

Nilimwangalia nikaona hatanii. Mtu mzima, ameketi akaichambua nadhiri yake neno kwa neno kama anayetafuta mawe kwenye mchele, mpaka akapata pa kupita. Alitembea na ule mti kutoka nyumbani mpaka kazini, na kazini anapanda ngazi, na kupanda si kutembea. Hesabu zake na Mungu zilikuwa zimekaa sawa. Aliniomba nisimwambie dada. Aliniomba kwa lile tabasamu lake, na kwa mara ya kwanza nikauona ufa.

Yule mteja sikumsuka. Nilikwenda moja kwa moja kwenye duka la kufulia, nikapita katikati ya mashine bila salamu, nikaingia chumba cha nyuma. Dada alikuwa kwenye shati jeupe, amefika kifuani. Nilimwambia kila kitu bila kupumzika, kuanzia geti mpaka koti lililotundikwa kwenye mkongojo. Aliendelea kunitazama, na mkono wake ukatulia, na pasi ikatulia chini yake.

Harufu ikapanda. Tajiri yake akapaza sauti kutoka mbele, "Kuna nini kinaungua huko?"

Dada akainua pasi. Kifuani mwa shati pakawa na alama ya kahawia. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuunguza nguo ya mtu.

"Ni mimi," akajibu. "Nakuja kukueleza."

Tulirudi nyumbani pamoja. Shemeji alikuwa ametangulia, amekaa kwenye kochi, mkongojo magotini, uso umeandaliwa. Binti yao alikuwa amepita kuwasalimia, akatuona tunavyoingia, akauliza, "Mama mdogo, kuna nini?" Nikamwambia akae tu.

Dada alifanya kama siku zote. Alipiga magoti, akamfungua kamba za viatu, kimoja, kingine, akaviweka pembeni. Halafu akauchukua ule mkongojo kutoka magotini mwake, akanipa mimi nishike.

"Simama, baba," akasema.

"Mama watoto, huyu mdogo wako amekueleza vibaya..."

"Simama."

Akaanza kujishika kiuno, kukunja uso. Dada akasema polepole, "Usinichezee. Leo usinichezee." Na shemeji akasimama. Alisimama wima kama nguzo, akiwa na soksi tu, katikati ya sebule, na binti yake akaweka mkono mdomoni.

Dada alibaki pale sakafuni akimtazama kutoka chini. "Nimekuinamia," akasema. "Kila siku nimekuinamia, na kila siku nikiwa hapa chini nilikuwa namshukuru Mungu kwa ajili ya miguu hii. Wewe ulikuwa unanitazama utosini ukiwaza nini?"

Shemeji akatazama soksi zake.

"Niambie. Kama hunitaki, ungesema. Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu," shemeji akasema, na safari hii hakukuwa na rangi yoyote juu ya sauti yake. "Ukweli wa Mungu, hujakosa kitu. Ila ndoa ya kanisani haina mlango wa nyuma. Nilitaka tu mlango uwepo. Sikuwa na mpango wa kutoka. Nilitaka ujue tu... nilitaka nijue upo."

Nadhani angemwambia ana mwanamke mwingine, dada angeumia kidogo kuliko hivi. Mwanamke mwingine unaweza kumchukia. Mlango utauchukia vipi? Miaka yote alidhani anaishi na mtu aliyechelewa, kumbe anaishi na mtu aliyesimama karibu na kizingiti.

Binti alilia, mimi niligomba, na niliyoyasema siwezi kuyaandika hapa. Dada alikwenda kulala kwenye chumba cha zamani cha binti.

Mchungaji alipopata habari alikuja mwenyewe. Hakupiga kelele. Alimwambia shemeji, "Uliniita niwe shahidi, nikakubali. Nilikuombea mguu huo kila Jumapili mbele ya kanisa zima. Kumbe nilikuwa naomba kitu ulichokwisha kupewa, ukakificha. Mimi nimeaibika, lakini mimi ni mtu tu. Ulichomwahidi Mungu si mkataba wa kupaka nyumba ukatafute kifungu cha kujitoa. Hukumlazimisha akuponye, na yeye hakukulazimisha uahidi."

Maneno yalimwingia. Au labda ilikuwa hofu, maana baada ya hapo shemeji alianza kuogopa ngazi. Wenzake walisema akifika vipandio vya katikati anatetemeka, anashuka. Akaja kwa dada bila mkongojo, bila viatu, akapiga magoti yeye, akasema amekosa, na wafunge ndoa haraka iwezekanavyo. Dada alimsikiliza. Akasema, "Sawa. Kaandikishe."

Matangazo yakasomwa kanisani, hakuna aliyesimama kupinga. Mimi, na mdomo wangu wote, nilikaa kimya, maana niliona dada anapata alichokingoja na sikutaka kuwa mimi wa kukiharibu. Nilimsuka nywele zake. Nilimwuliza, "Una furaha?" Akasema, "Nisuke."

Kanisa lilijaa. Shemeji alivaa suti ya kijivu, amenyooka, miguu yote miwili imara. Mchungaji akamwuliza kama anaahidi mbele za Mungu kumpenda na kumtunza mama huyu, katika afya na ugonjwa, mpaka kifo. Kabla swali halijaisha vizuri, shemeji akasema, "Ndiyo, naahidi." Alisema haraka, kwa sauti tamu, kama mtu anayemjibu aliyepiga hodi. Watu wakacheka kwa upendo.

Akaanza kumvisha dada pete, na ikawa zamu ya dada kujibu. Mchungaji akauliza. Dada akaitazama pete. Tukadhani hakusikia. Akauliza mara ya pili, polepole zaidi. Nyuma mtoto akakohoa, mama yake akamziba mdomo.

"Mchungaji," dada akasema, na hakuna aliyehitaji kipaza sauti, "nikisema ndiyo, nitakuwa nimemwahidi Mungu. Na mimi nikimwahidi Mungu, huwa natimiza. Ndiyo maana siwezi kusema."

Shemeji akamgeukia. "Mama watoto, unaniaibisha mbele za watu."

"Wewe ulicheza na jina langu mbele za Mungu, na sikupiga kelele," dada akamwambia. "Nakupenda, hilo sikatai, na huenda nitakufa nakupenda. Lakini umeahidi sasa hivi kabla hujasikia swali. Nakujua. Kesho utakaa chini uyachambue maneno haya, na mimi nitakuwa nimefungwa nayo yote."

Alivua pete ambayo ilikuwa imefika nusu ya kidole, akamrudishia mkononi, akamfunga vidole juu yake taratibu. Kisha akashuka ngazi za madhabahu akiwa ameinua pindo la gauni ili asijikwae. Nilimfuata. Binti alimfuata. Nilimpita shemeji amesimama wima, na ndiyo mara ya kwanza nilipomwona kama mtu anayehitaji kitu cha kuegemea. Sikumwonea huruma. Labda iko siku nitamwonea.

Dada alihamia kwangu. Chumba changu ni kidogo, kimejaa nywele za bandia na viti vya wateja, lakini tuliisogeza meza tukapata nafasi ya godoro lake. Watu walikuja kumshawishi, wengine kwa machozi. Walisema kama mtu ametubu asamehewe. Alisema amekwisha kumsamehe, na kusamehe na kuapa ni vitu viwili.

Baada ya muda mchungaji alimwita. Alimwambia kwamba kwa kuwa sasa anaishi peke yake, na mwenendo wake kila mtu anaujua, hakuna kinachomzuia tena mezani. Nilifurahi kuliko mwenye jambo. Nilimnunulia kitambaa kipya cha kichwa. Nilijiambia hii sasa ndiyo yake, hakuna atakayemnyang'anya.

Jumapili ile safu yetu ilipoitwa, hakukunja miguu pembeni. Aliinuka na wenzake. Nilimtazama akienda, mgongo umenyooka, mikono ameikusanya mbele. Kwenye benchi la mwisho shemeji naye alikuwa anatazama. Dada alipokea mkate, akapokea kikombe, akasimama kidogo akiwa ameinamisha kichwa, akarudi. Akakaa karibu nami. Nilimshika mkono nikamwangalia usoni, nikingoja.

"Nilidhani nitafurahi," akaninong'oneza.

Akageuka kidogo, akatazama benchi la mwisho. Tukakaa vile vile mpaka wimbo wa mwisho.